Je, wajua? Ngazi ya gari inayoshuka yenyewe haikubebi kwa mota yake

Mama alipokwenda Houston kumtembelea dada yangu, kilichomshinda kwanza hakikuwa chakula wala baridi ya kiyoyozi. Kilikuwa gari. Shemeji anaendesha Jeep Wrangler Rubicon ya milango minne, na gari lile liko juu kiasi kwamba mwenye dera na magoti ya miaka 72 hapandi, anapandishwa. Wiki nzima tulimpandisha kwa kigoda cha jikoni: anakanyaga kigoda, anashika mlango, anaguna, akishakaa mmoja wetu anakimbia kukitupa kigoda kwenye buti. Jumamosi shemeji akaleta maboksi mawili marefu. Ndani mlikuwa na ngazi za pembeni za umeme, zile zinazoshuka zenyewe ukifungua mlango na kurudi chini ya tumbo la gari ukifunga. Tukaamua kuzifunga wenyewe, pale pale gereji ya nyumbani.

Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli na chai yake akituangalia. Nilipofungua boksi la mota aliiomba, akaipima uzito mkononi. Urefu wake haukuzidi sana chupa ya soda. Akaigeuza, akasema, "Hiki ndicho kitakachonibeba mimi?"

Shemeji aliinama kutafuta boliti ambayo haikuwa imeanguka. Mtu habishani na mama mkwe, basi swali likaniangukia mimi.

Na ni swali zuri kweli. Tufanye hesabu ya mtu wa kilo 80 (uzito wa mama si wa kuandikwa hapa). Akikanyaga ngazi iliyotokeza sentimita 20 kutoka kwenye bawaba yake, anaipinda bawaba hiyo kwa nguvu ya karibu newton-mita 157. Kwa kulinganisha, nati za tairi za Corolla hukazwa kwa newton-mita 103, na fundi hutumia spana ndefu na bega lake. Hapo bado hatujasema kwamba watu hawapandi ngazi kwa upole, wanaitupia mguu. AMP Research, kampuni ya California inayojulikana sana kwa ngazi hizi, inaahidi kwamba kila upande unahimili ratili 600, yaani kilo 272. Mota ya ukubwa wa chupa, inayokula umeme wa volti 12, ikiambiwa ishike mzigo huo kwa nguvu zake yenyewe kila mtu anapopanda, itaungua kabla ya mwezi kuisha.

Jibu nililompa mama ni hili: hakikubebi. Kazi yake ni kuitandika ngazi na kuikunja, basi.

Anayetaka kuona siri yake aende kijiwe chochote cha bodaboda atazame stendi ya pembeni ya pikipiki. Ule mguu wa chuma unasukumwa kwa kidole gumba cha mguu, na springi inayoushika ni nyembamba. Hata hivyo pikipiki yenye gunia la mkaa nyuma huuegemea siku nzima bila mguu kujikunja. Sababu ni kwamba ukiusukuma, unapita kidogo ile sehemu ya kusimama wima, halafu unagonga kizuizi. Tangu hapo, kadiri pikipiki inavyoulemea ndivyo mguu unavyozidi kujibana kwenye kizuizi chake. Mzigo wenyewe ndio kufuli. Springi ilishamaliza kazi yake pale ilipoufikisha mguu mahali pake.

Ngazi ya umeme ni stendi ya namna hiyo, ila imetengenezwa kwa werevu zaidi. Kila upande wa gari una jozi mbili za mikono ya chuma, moja mbele na nyingine nyuma. Kila mkono umefungwa kwa bawaba juu, kwenye breketi iliyo chini ya gari, na kwa bawaba nyingine chini, kwenye ngazi. Mota inazungusha mkono mmoja tu wa jozi moja, hiyo mingine inafuata kwa sababu imeshikana na ubao uleule. Ngazi inapotoka nje na kushuka, ule mkono unavuka kidogo sehemu yake ya kusimama wima, kama mguu wa stendi, unagota kwenye kizuizi, na hapo uzito wa mtu unausukuma kuelekea kizuizini, si kurudi ulikotoka. Mzigo unatoka kwenye ubao kwenda kwenye mikono, kutoka mikononi kwenda kwenye breketi, kisha kwenye mwili wa gari. Mota iko pembeni, imetulia. Na hata mtu akiinyanyua ngazi kwa mguu kutoka chini, gia za ile mota zimepunguza mwendo kiasi kwamba kuzizungusha kinyumenyume ni kazi.

Mama alielewa haraka nilipomwambia asimame. Ukisimama magoti yamenyooka unaweza kupiga soga saa nzima. Ukisimama umechuchumaa nusu, dakika moja mapaja yanawaka. Uzito ni uleule. Kilichobadilika ni nani anaubeba, mfupa au msuli. Mota ni msuli, na ngazi hii haitaki msuli ubebe.

Kwa nini mikono iwe miwili miwili kila jozi? Ungekuwa mmoja, ubao ungeinama kadiri unavyoshuka, kama kifuniko cha boksi. Ikiwa miwili, ubao unashuka huku umelala sawa. Mtu ambaye jina lake limeandikwa kwenye hataza (hati za haki ya uvumbuzi) za Marekani za ngazi ya namna hii, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni Horst Leitner, mwanzilishi wa AMP Research. Ni mzaliwa wa Austria, alishindana mbio za pikipiki za motokrosi, akahamia California, na kabla ya kugusa ngazi za magari alishajipatia jina kwa baiskeli za milimani. Mpangilio wake wa bawaba kwenye gurudumu la nyuma, unaoliwezesha kuruka mashimo bila kumrusha mwendeshaji, bado unaitwa kwa jina lake, na kampuni ya baiskeli ya Specialized ilinunua haki zake mwaka 1998. Ukiutazama ubavu wa baiskeli ya aina hiyo na kisha ukalala chini ya Jeep, utaona ni ndugu: mikono michache, bawaba nne, na mtu aliyefikiria sana kila bawaba ikae wapi.

Kuhusu ufungaji wenyewe, sehemu ya chuma ni rahisi kuliko nilivyodhani. Unatoa kwanza waya wa negativu wa betri. Unatoa ngazi za zamani kama zipo. Halafu breketi zinakwenda kwenye matundu ambayo kiwanda kilishayaacha chini ya gari. Kwetu hatukutoboa hata tundu moja. Kilichotumaliza ni waya. Kisanduku cha kuongozea kinakaa chini ya boneti karibu na betri, waya mnene wenye fyuzi unakwenda kwenye positivu, nyaya nyingine zinatambaa kando ya chesisi mpaka kwenye kila mota, na lazima zikae mbali na bomba la ekzosi na mbali na kila kitu kinachozunguka. Nililala chini saa mbili, jasho la Texas likinimwagikia masikioni, nikifunga vibano vya plastiki.

Ngazi inajuaje mlango umefunguliwa? Zamani fundi aliweka sumaku kwenye mlango na swichi kwenye fremu, au alipasua waya wa taa ya mlangoni na kuudandia. Siku hizi seti nyingi zinakuja na plagi inayochomekwa kwenye soketi ya OBD chini ya usukani, pale pale fundi anapochomeka mashine ya kusomea hitilafu. Kwenye magari mengi ya sasa habari ya "nimefunguka" haiishii kwenye waya wa mlango peke yake. Vifaa vyote vinapiga kelele kwenye laini moja ya pamoja, utaratibu unaoitwa CAN ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986, na kila kifaa kinasikiliza kinachokihusu. Kisanduku cha ngazi ni jirani mmbea aliyetega sikio ukutani: kinasubiri neno la mlango tu. Kwenye gari la milango minne ubao mmoja unahudumia milango miwili, kwa hiyo kisanduku hakiuvuti mpaka yote miwili ya upande huo iseme imefungwa. Hata hapo husubiri sekunde mbili tatu.

Tulikosea mahali pamoja, na kosa lenyewe lilinifundisha kuliko maelekezo. Tulikaza boliti zote moja kwa moja hadi mwisho. Tulipojaribu, ngazi ya kulia ilishuka nusu, ikasita, ikagoma. Tukahangaika na fyuzi, tukachomoa plagi na kuchomeka tena. Kumbe kisanduku kilikuwa sahihi. Hakina jicho la kuona ngazi imefika. Kinapima umeme unaonyweshwa mota. Mota ikizunguka bila shida hunywa kidogo. Ikikwama, iwe kwenye kizuizi chake, kwenye jiwe au kwenye mguu wa mtu, hunywa ghafla mwingi, na kisanduku kinakata. Sisi tulikaza breketi ya mbele na ya nyuma kabla hazijakaa katika mstari mmoja, bawaba zikawa zinavutana, na kisanduku kikadhani kuna mguu wa mtu pale. Tulilegeza boliti, tukaisogeza ngazi kwa mkono juu na chini mpaka ikapita laini, ndipo tukakaza. Ikashuka laini, kama mlango wa jokofu unavyojifunga.

Mtu anaweza kuuliza: si mngefunga ngazi ya kawaida isiyokunjika, iwe bei ndogo na waya hakuna? Kwa gari la mjini, ndiyo, na ningemshauri hivyo. Tatizo ni tumbo la gari. Gari linapovuka tuta kali, magurudumu ya mbele yakiwa upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, kitakachogusa tuta ni kitu kilicho chini kabisa katikati. Wrangler Rubicon ya milango minne imepewa nyuzi 22.6 za kuvuka tuta, yaani pembe ya tuta kali kabisa inaloweza kulivuka bila tumbo kugusa, na umbali kati ya magurudumu yake ya mbele na ya nyuma ni karibu mita 3. Tuseme ngazi ya kudumu inaning'inia sentimita 22 kutoka ardhini: nyuzi zinashuka hadi kama 17. Hapo umenunua gari la porini ukalifanya la lami. Anayeparamia mawe kila wiki hata ngazi ya umeme haimfai. Yeye anahitaji bomba nene za kukinga ubavu, ambazo gari linaweza kulala juu yake.

Adui wa ngazi hizi ni tope lililokauka kwenye bawaba. Kinachotakiwa ni maji ya kutosha, halafu silikoni ya kupuliza. Grisi haifai kwa sababu hushika mchanga na kuugeuza msasa. Na usipake king'arishi cha plastiki juu ya ubao, labda kama una ugomvi na mpandaji.

Jioni mama alifungua mlango mwenyewe. Ngazi ikashuka, akarudi nyuma hatua moja, akaigusa kwa ncha ya kandambili mara mbili kama anayejaribu maji ya bahari. Akapanda. Haikubonyea. Akafunga mlango, kisha akashusha kioo na kuchungulia kama imeondoka. Akauliza: na betri ikifa? Nikamwambia ukweli, kwamba hubaki pale ilipokuwa, na mara nyingi itakuwa imekunjwa.

Kigoda hakikurudi jikoni. Kipo kwenye buti mpaka leo, kwa amri yake.