Donge shingoni mwa mtoto mchanga

Mwanangu ana wiki tatu. Juzi mamangu alikuwa akimkanda kwa mafuta ya nazi, kidole kikagonga donge gumu upande wa kulia wa shingo. Ni saratani?

Mara nyingi sana, la. Umri huo, kati ya wiki ya 2 na ya 4, ndio hasa donge la msuli wa shingo huanza kuonekana. Msuli wenyewe ni ule mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. Ukilishika, ni kama kokwa ya tende chini ya ngozi: gumu, halimuumi mtoto, na husogea pamoja na msuli.

Majirani wanasema mkunga alimvuta shingo.

Tafadhali msimlaumu. Donge hili huwapata zaidi watoto waliotanguliza matako au waliozaliwa kwa shida, lakini hata wa upasuaji hulipata, kwa jinsi shingo ilivyobanwa tumboni.

Basi tulikande liyeyuke?

Hapana, mama. Mwili mkandeni, donge liacheni. Shida ni kwamba msuli huo hufupika: kichwa kinainamia upande wa donge, kidevu kinaelekea upande wa pili. Msuli unahitaji kunyooshwa polepole, na mtaalamu wa viungo atakuonyesha kwa mikono yake kabla hujajaribu nyumbani. Wakati huohuo, kwa kuwa donge la mwanao liko kulia, mwitie kutoka kulia, na mlaze dirisha likiwa kulia kwake ili ageukie mwanga. Akiwa macho nawe uko naye, mweke kifudifudi kidogo. Akilala usingizi, chali.

Tungoje arubaini iishe?

Msingoje, kwani kuanza mapema ndiko kunakosaidia. Uwe Likoni au Kisauni hapa Mombasa, anzia kliniki iliyo karibu. Ikibidi watakupa rufaa hadi Hospitali Kuu ya Pwani. Altrasaundi hutosha kulitambua, haina sindano wala mionzi. Omba pia akaguliwe nyonga, maana baadhi ya watoto hawa huwa na nyonga zisizokaa sawa. Ila akiwa na homa, ngozi ikiwa nyekundu na moto, donge likikua haraka, au akishindwa kupumua vizuri au kunyonya, nenda siku hiyohiyo.

Litaisha lini?

Kwa wengi hunywea lenyewe katika miezi 4 hadi 8. Upasuaji ni wa wachache ambao shingo bado imepinda baada ya kutimiza mwaka 1.