Je, wajua kwa nini wodi yenye kiongozi mzuri huonekana na makosa mengi?

Chukua ripoti mbili za mwezi. Wodi moja imeandika makosa 20 ya dawa, nyingine 2. Kwa miaka mingi mimi ningempa mkono msimamizi wa hiyo ya pili bila kusita, maana nilihesabu hivi: makosa machache, uongozi bora. Nilikosea, na kosa hilo bado liko katika ofisi nyingi zinazompima kiongozi kwa uchache wa ripoti mbaya.

Hata mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alitarajia hivyo alipochunguza wodi 8 katika hospitali mbili za Marekani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yalikuja kinyume: wodi ambazo wauguzi waliusifu uongozi wao ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Akamtuma msaidizi asiyejua matokeo hayo akakae wodini aangalie. Huyo naye akakuta tofauti kubwa: kwingine makosa yalizungumzwa wazi, kwingine yalifichwa.

Kumbe kinachohesabiwa ni makosa yaliyojulikana tu. Fikiria nyumba mbili, kila moja mtoto kavunja glasi. Kwa kwanza mama huuliza, "Hukujikata? Vipande viko wapi?" Mtoto anaonyesha, panafagiliwa. Kwa pili fimbo hutangulia swali, basi mtoto anasukuma vipande chini ya kabati na kunyamaza. Ukihesabu glasi zilizotajwa, nyumba ya pili haina hata moja. Lakini usiku kuna mtu atapita peku.

Wodini ni vivyo hivyo. Muuguzi aliyetundika dripu isiyo yenyewe, akijua atasikilizwa, huita wenzake papo hapo. Mgonjwa anaangaliwa, kisha inagundulika kwamba chupa mbili zinazofanana zimepangwa rafu moja, na zinatenganishwa. Anayeogopa kufokewa mbele za watu hubadilisha chupa kimyakimya, na chupa zile zinabaki palepale zikimsubiri wa zamu ya usiku.

Wodi 8 ni chache, na ripoti nyingi pekee si cheti cha uongozi. Pengine wauguzi ni wachache na zamu zimewachosha, makosa ni mengi kweli. Ndiyo maana siku hizi nikifunguliwa daftari tupu huuliza kwanza: aliyeandika humu mara ya mwisho alifanywa nini?