“Mimi ni kibarua tu, sina mkataba”

Sentensi hiyo nimeisikia tena Jumatatu, kabla mwenyewe hajakaa vizuri kwenye kiti. Dada wa kiwanda cha plastiki, miaka mitatu anapanga ndoo na mabeseni zamu ya usiku, malipo kila Jumamosi. Meneja alimwambia, “Wewe pumzika kwanza, tutakupigia.” Hakupigiwa. Akamuuliza msimamizi, akajibiwa bosi kasafiri. Akasubiri tena. Jirani akamshauri asihangaike, bila karatasi hakuna kesi. Kwangu kafika siku ya 41 tangu aambiwe apumzike.

Kazi yangu ni kuwasindikiza wanachama wa chama chetu cha wafanyakazi kwenye CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, na kama ningepewa uwezo wa kufuta imani moja vichwani mwa wafanyakazi wa nchi hii, ningefuta hii. Mkataba ni makubaliano. Karatasi ni ushahidi wake mmojawapo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake, mahali, saa, mshahara, na mengineyo, kisha ayatunze miaka 5 baada ya ajira kwisha. Akishindwa kuyaleta shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake. Soma tena hapo. Karatasi isipokuwepo, anayebanwa ni yeye, na wewe umekaa nyumbani unaona aibu kwa kosa lake.

Najua mwajiri atakavyojibu: huyu hatumjui, alikuwa anakuja kuja tu. Ndiyo maana kuna kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi. Ukiwa unamfanyia mtu kazi, unachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi yeye athibitishe vinginevyo, ilimradi hata jambo moja kati ya haya lipo: anakuelekeza namna ya kufanya kazi, anakupangia saa, wewe ni sehemu ya shughuli zake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, unategemea malipo yake kuishi, anakupa vifaa, au humfanyii mwingine yeyote. Dada yangu wa ndoo anayo karibu yote.

Nikamwomba simu. Miamala ya kila Jumamosi, namba ile ile, jina la mhasibu limeandikwa juu. Kundi la WhatsApp la zamu, na humo sauti ya msimamizi: “Njooni mapema leo, kuna lori la Mwanza.” Picha yake amevaa aproni yenye nembo, nyuma yake ndoo nyekundu zimepangwa hadi dari. Akaniambia, “Si unaona, sina kitu.” Nilinyamaza kidogo nisije nikasema vibaya.

Na hilo neno lenyewe! Kibarua ni barua ndogo. Zamani watu wa kutwa walipewa cheti kidogo cha kudaia ujira wao, jina la cheti likamhamia mtu. Leo mtu anajiita karatasi huku akilalamika kwamba hana karatasi.

Sasa kinachouma ni hizo siku 41. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara uliolimbikizwa, siku 60. Kwa hiyo mishahara yake bado iko ndani ya muda. Kwa kuachishwa itabidi tuombe kusamehewa kuchelewa, fomu namba mbili, na tueleze kila siku ilikwenda wapi. Tutabishana pia aliachishwa lini hasa, maana “tutakupigia” ina utata wake. Lakini “jirani aliniambia” haitatusaidia. Wala kwenda kwa mtendaji wa kata au kumwandikia bosi barua tatu za heshima hakusimamishi hesabu. Kwanza jaza fomu namba moja, ile ya kufungua mgogoro CMA, mazungumzo yaendelee baadaye.

Walio chini ya miezi 6 kazini niwaambie ukweli: madai ya kuachishwa isivyo haki hayawahusu kwa sasa. Ujira mliofanyia kazi mnaudai kama mwingine yeyote.

Na nunueni daftari. Kaunta buku la kawaida, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwa msimamizi. Wenzangu ofisini wananicheka na daftari zangu. Wacha wacheke.

Mengine nayapitia haraka.

“Ukijiunga na chama unafukuzwa.” Unaweza kufukuzwa, waajiri wa namna hiyo wapo. Sababu hiyo sheria imeitaja kwa jina kuwa si halali, na mwajiri ndiye mwenye kuthibitisha kwamba alikuondoa kwa haki.

“Mgomo ni uhuni ulioletwa na vyama vingi.” Hili nalisikia kwa wazee, na huwa nawauliza walikuwa wanaambiwa nini kuhusu makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Waligoma 1939, 1943, kisha Septemba 1947, na ule wa mwisho ukasambaa hadi miji ya reli ya kati. TANU ilikuwa haijazaliwa. Wazee wanakumbuka zaidi kilichofuata: 1964 TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, likavunjwa baada ya maasi ya jeshi, ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kwa nchi nzima, na katibu mkuu wake akawa huyo huyo Waziri wa Kazi. Mtu aliyekulia humo, chama kwake ni ofisi ya serikali na mgomo ni uasi. Leo mgomo ni haki yenye utaratibu: usuluhishi ushindikane, kura ipigwe, mwajiri apewe notisi ya saa 48. Wa hospitali, maji, umeme, zimamoto na waongozaji ndege wana masharti yao ya huduma muhimu, wasidanganywe na mtu.

“Sijajiunga, wananikata kwa wizi.” Hii ni ada ya uwakala. Chama chenye wengi kazini kikikubaliana na mwajiri, asiye mwanachama anakatwa kisichozidi ada ya mwanachama, kwa kuwa nyongeza inayopatikana mezani anaila naye. Fedha hizo chama kinaziweka kwenye akaunti ya pekee na ni za maslahi ya wafanyakazi wa pale, chama cha siasa hakipewi hata senti. Hapa lakini malalamiko yenu nayaelewa. Kuna matawi hayajasoma hesabu mbele ya watu miaka mingi, letu likiwemo hadi mwaka juzi, tulipozomewa mkutanoni na mpishi wa kantini ambaye hata mwanachama hakuwa. Hesabu zikaletwa wiki mbili baadaye. Naye bado hajajiunga, na kila mwezi anazidai.