Jimbo likigawanywa, halmashauri inabaki ile ile

Tangu Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi itangaze majimbo mapya manane mwezi Mei 2025, Uyole likiwemo, swali linaloletwa sana kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mbeya si la siasa hata kidogo. Watu wanauliza: leseni ya biashara nikakate wapi sasa? Pale pale. Uyole limemegwa kutoka Jimbo la Mbeya Mjini, lakini kata zake bado ni za Jiji la Mbeya, lenye meya mmoja, mkurugenzi mmoja na baraza moja la madiwani. Kilichoongezeka ni mbunge, na mgao wake wa Mfuko wa Jimbo. Wanaochanganya hawana kosa: jirani zetu wa Rungwe wana wilaya moja yenye halmashauri mbili, Rungwe na Busokelo, na kila moja ina jimbo lake.

Wengine wanadhani mipaka hupitishwa bungeni kwa muswada. Hapana. Ibara ya 75 ya Katiba imeipa Tume kazi hiyo, kwa kibali cha Rais, na mgawanyo upitiwe upya angalau kila baada ya miaka 10.

Kigezo kinachotajwa kwanza ni idadi ya watu: mwaka 2025 Tume ilitaja 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa la vijijini. Ludewa, jimbo la vijijini mkoani Njombe, haifiki hata nusu ya hizo 400,000. Lakini Katiba inataka pia jiografia na njia za mawasiliano zizingatiwe, na mkazi wa Kilondo, huko huko Ludewa, aliyebanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, anajua kumfuata mbunge ni shughuli ya boti na siku nzima. Kwa maoni yangu takwimu hupewa uzito mno, na milima kidogo mno. Kuna kigezo hata cha nafasi ndani ya ukumbi wa Bunge Dodoma!

Maombi huanzia kwenye vikao vya halmashauri, yanapita kamati ya ushauri ya mkoa, ndipo yanafika Tume. Dirisha la 2025 lilikaa wazi takriban mwezi mmoja tu, Februari hadi Machi. Na Ibara ya 74(12) inaizuia mahakama kuchunguza yaliyotendwa na Tume katika kazi zake za kikatiba. Mwenye hoja kuhusu kata yake basi amwone diwani mapema, hoja iingie kwenye muhtasari wa kikao kabla maombi hayajatoka halmashauri.