Somo lako la kwanza la urubani: njoo Kisongo asubuhi

Wengi wanaotupigia simu kuomba somo la majaribio huuliza kama wanaweza kuja saa tisa alasiri. Huwa tunawaomba waje saa moja na nusu asubuhi, na sababu ni hewa.

Uwanja wa Arusha, pale Kisongo, uko takriban mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi. Joto likifika nyuzi 25, mabawa na injini hufanya kazi kana kwamba uwanja uko zaidi ya mita 2,000. Ndege ndogo kama Cessna 172, yenye viti vinne na injini moja, hukimbia mbali zaidi kabla ya kuacha ardhi, kisha hupanda polepole. Isitoshe, mchana ardhi iliyopata moto hupandisha hewa, ndege ikarushwarushwa, na mgeni akashuka akiamini urubani ni kichefuchefu. Asubuhi hewa imetulia, na mara nyingi Meru huonekana hadi kileleni.

Somo huanzia chini. Mtaizunguka ndege mkikagua mabawa, matairi, mkia na oili. Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni kukinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe kinachopitisha mwanga. Petroli ya ndege hizi hutiwa rangi ya buluu, na maji yakiwemo hutuama chini kwa kuwa ni mazito zaidi. Maji hayo yakifika kwenye injini yanaweza kuizima wakati mnaruka. Omba ukinge mwenyewe.

Ndani, usukani na pedali ziko pande zote mbili, kwa hiyo ukikosea mkufunzi anarekebisha papo hapo. Atatamka wazi kwamba sasa unashika wewe, nawe utajibu kwamba umeshika. Hakuna kukisia. Hapo karibu kila mgeni huukaba usukani kama dereva wa lori kwenye kona za Kitonga. Ushike kwa vidole tu. Mkufunzi akikwambia uachie kabisa, achia: ndege iliyosawazishwa vizuri huendelea kwenda yenyewe, na ukishaliona hilo mabega hulegea. Usikodolee vipimo pia. Tazama nje, pale mbingu inapokutana na ardhi. Ukilaza bawa kukata kona, pua itashuka kidogo. Vuta usukani kwako, kidogo tu.

Na injini ikizimika? Uliza, ni swali la mtu makini. Ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172 ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi, pasipo upepo, inaweza kuteleza hewani kilomita 9 hivi huku ikishuka, na rubani ana muda wa kuchagua pa kutua. Mwombe mkufunzi apunguze nguvu ya injini mkiwa juu akuonyeshe. Nimeona hofu ikiisha kwa dakika hiyo moja kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo na mkufunzi wameidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na uliza kama malipo yanahesabiwa tangu injini iwashwe au tangu ndege iruke. Kunywa chai, kula chapati moja. Tumbo tupu huchafuka upesi. Ukiwa na mafua ahirisha, maana masikio yaliyoziba huuma sana ndege inaposhuka.

Kutua atashika mkufunzi. Weka mikono mapajani, tazama jinsi anavyoinua pua taratibu kabla magurudumu hayajagusa. Injini ikishazimwa, mwombe aandike muda huo kwenye daftari la saa zako za kuruka. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hudai angalau saa 40 na umri wa miaka 17, na dakika za asubuhi hiyo zinaweza kuwa za kwanza kuhesabiwa.