Nilikuwa napalilia tu: insulini na siku ya shamba

Mama mmoja wa upande wa Uyole, mwenye kisukari na anayechoma insulini, alikuja kliniki mwezi wa kwanza, palizi ya mahindi ikiwa imepamba moto, na daftari lake la sukari. Ni mwandishi mzuri yule mama, tarehe kushoto, namba kulia, mistari imenyooka. Asubuhi 8.9 (kwa kipimo cha mmol/L). Asubuhi 9.4. Asubuhi 7.8. Kisha nikafika kwenye mstari mmoja ambao mwandiko umelegea, namba imepinda, na pembeni kuna alama ya kidole chenye udongo. Saa nane mchana, 2.9.

Nikamuuliza, "Mama, siku hii ulifanya mazoezi gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mazoezi, dokta? Kwa umri huu? Nilikuwa napalilia tu."

Hiyo "tu" naisikia kila msimu wa kilimo hapa Mbeya, na nyuma yake mara nyingi kuna sukari iliyoshuka. Sisi watu wa afya tumechangia. Tukifundisha habari za mazoezi, ukutani tumebandika picha ya mtu aliyevaa raba na bukta anakimbia barabarani. Mama anayelima nusu eka kwa jembe la mkono, kisha anapandisha mlima na ndoo kichwani, akiangalia ile picha anaona haimhusu. Kwa hiyo siku hizi nimeacha kuuliza kama mtu anafanya mazoezi. Nauliza, "Jana tangu umeamka ulifanya nini?" Hapo ndipo habari zote zinatoka.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Mtu asiye na kisukari akishika jembe, kongosho lake linapunguza lenyewe insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na homoni nyingine iitwayo glukagoni inaliambia ini lifungue akiba ya sukari. Misuli inakula, ini linajazia, damu inabaki na kiasi kilekile. Anayechoma insulini hana namna ya kuirudisha ile aliyochoma saa moja asubuhi. Iko chini ya ngozi, itaingia kwenye damu apende asipende, na ikishakuwa nyingi inalifunga ini lisitoe akiba. Wakati huohuo misuli inayofanya kazi inavuta sukari hata bila kusubiri insulini. Sukari inavutwa na wawili, na anayepaswa kuirudishia amefungwa mikono.

Jambo hili lilijulikana zamani. Insulini ilianza kutumika kwa wagonjwa kule Toronto mwaka 1922, na ilipofika 1926 daktari wa London aitwaye Robert Lawrence, ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari na akiishi kwa sindano, alikuwa ameshaandika jinsi mazoezi yanavyoiongezea insulini nguvu. Karibu miaka mia sasa, na bado mgonjwa anatoka kwetu na dozi isiyobadilika, siku ya kukaa dukani na siku ya kulima.

Wengi ninaowaona wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa unayoiviringisha viganjani kabla ya kuvuta. Kwa kawaida sehemu 30 kati ya 100 inafanya kazi mapema, na 70 zilizobaki zinakwenda polepole. Hiyo ya polepole hupata nguvu zake kuu takriban saa 4 hadi 10 baada ya kuchoma. Piga hesabu mwenyewe: ukichoma saa moja asubuhi, nguvu zinaangukia kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni. Chai uliyokunywa imeshakwisha, jembe liko mkononi, na chakula cha mchana kimesogezwa mbele kwa sababu "tumalizie kwanza mstari huu." Ile 2.9 ya saa nane haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa imepangwa tangu asubuhi.

Yule mama tulianza na vitu viwili. Siku ya kulima dozi ya asubuhi tukaipunguza kwa moja ya tano, yaani kutoka yuniti 20 kwenda 16. Hicho ni kiasi chake yeye, tulikipanga tukiwa na daftari mezani. Wewe kaa na anayekutibu mpange cha kwako, na usiache insulini kabisa hata siku moja kwa kuogopa kushuka. Cha pili, apime kabla ya kutoka. Nafurahi mtu akianza kazi akiwa kati ya 7 na 10. Akiwa chini ya 5 ale kwanza, ndizi mbivu moja au viazi viwili vidogo vya kuchemsha, asubiri ipande ndipo atoke. Akiwa chini ya 4, hiyo imeshashuka, aitibu kwanza. Akiwa juu ya 15, hasa mtoto au kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza (ambaye mwili wake hautengenezi insulini), asiingie kwenye kazi ngumu mpaka mkojo upimwe ketoni, yaani tindikali inayojaa mwili ukikosa insulini. Na kama anatapika au tumbo linauma, safari ni ya hospitali. Na kazi ikiwa ya saa nyingi, ale kidogo kidogo shambani kila saa.

Halafu mahali pa kuchoma. Ukichoma pajani kisha ukaanza kupanda mlima, damu inakimbilia kwenye paja na insulini inanyonywa haraka kuliko ulivyotarajia. Siku ya kazi choma tumboni.

Kushuka kwenyewe tunakujua: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Tatizo liko kwenye kinachopewa. Kijana mmoja kutoka Tukuyu alizidiwa akiwa anachuma parachichi, na wenzake kwa upendo wakampa parachichi, wakaongeza na maziwa. Parachichi ni chakula kizuri, lakini lina mafuta mengi na sukari kiduchu. Haliwezi kumwinua mtu aliyeshuka. Kinachotakiwa ni sukari yenyewe: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda ndipo ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Mlazeni ubavu mkimbize hospitali.

Mpira una tabia yake. Vijana wanaocheza ligi za mchangani wananiambia, "Dokta, mimi nikicheza inapanda." Wanasema kweli. Mbio fupi za kasi na presha ya mechi zinamwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na adrenalini inalifungua ini. Unamaliza mechi una 14. Ukiishindilia sindano kamili ya kuishusha, umejitegea mtego, kwa sababu ile ya mechi hushuka yenyewe na usiku misuli inadai akiba iliyotumika. Subiri, pima tena baada ya saa moja. Kama kuna haja ya kurekebisha, nusu ya dozi uliyozoea inatosha kuanzia.

Na usiku ndio unaonitia wasiwasi kuliko mchana. Misuli iliyofanya kazi alasiri huendelea kuvuta sukari saa 7 hadi 11 baadaye, wengine mpaka kesho yake. Mtu amelala, hana wa kumwona akitetemeka. Huku kwetu kuna dalili moja ninayowafundisha wake, waume na mama za wagonjwa: Juni, baridi ya Mbeya unaijua, blanketi mbili na bado miguu ya baridi, halafu unagusa fulana ya mwenzako imelowa jasho. Mwamshe. Mpime. Asipoamka sawasawa, usisubiri kukuche. Na anayeamka na kichwa kizito kila baada ya siku ya shamba, apime usiku saa nane japo mara moja tujue.

Iringa na Njombe kuna ulanzi, pombe ya mianzi, na msimu wake ni uleule wa mvua na wa majembe. Pombe inalizuia ini kutengeneza sukari mpya. Mtu amelima kutwa, ini limekauka akiba, jioni anakaa na wenzake kwenye ulanzi bila kula, anachoma dozi yake kamili, analala. Wanaomwona akipepesuka wanasema amelewa, kumbe sukari imeshuka. Ukinywa, kula, na nyumbani waambie umekunywa.

Najua stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia sukari, ni ghali. Wengi wana mbili kwa siku, wengine hazifiki. Siku ya kulima, ya kwanza itumie kabla ya kutoka nyumbani, na ya pili kabla ya kulala. Ukikuta chini ya 7 usiku huo, kula kitu ndipo uzime taa.