Banda Limejaa Watu, Kitabu cha Oda Kitupu

Wiki mbili kabla ya maonyesho ya kilimo ya Kisumu, kila fundi wa kazi za mikono ninayemjua hugeuka mshauri. Tafuta banda la karibu na lango. Chapisha bango refu. Punguza bei. Nunua peremende. Ushauri huo nimeufuata wote, mwaka mmoja huu, mwaka mwingine ule, pale Mamboleo, Nakuru na Kakamega, na mwingi wake unamfaa muuza soda. Mimi nauza madaftari na kadi. Ninayemtafuta kwenye maonyesho ni mwenye duka, yule atakayechukua dazeni leo kisha achukue nyingine mwezi ujao bila mimi kuwapo.

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunavuna mabua ya gugumaji ziwani, tunayakatakata, tunayachemsha, tunayaponda pamoja na karatasi kuukuu. Rojo linachotwa kwa fremu yenye wavu na kuanikwa juani. Karatasi inayopatikana ndiyo jalada. Ndani tunashona karatasi ya kawaida ya gramu 80, saizi ya A5. Si bidhaa ngumu kuipenda. Watu huishika, huinusa, husema “waah, hii ni gugu kweli?”, kisha huenda zao kuangalia ng'ombe.

“Palipo na umati ndipo palipo na soko”

Siku ya wanafunzi, mabasi ya manjano hupanga foleni hadi barabarani, na ikifika saa tano hakuna pa kukanyaga. Mara ya kwanza nilidhani nimebarikiwa. Jioni nilihesabu: kadi kumi na moja zimeuzwa, majalada mawili yana alama za vidole vya mafuta ya chipsi, na sauti yangu imekauka kwa kueleza gugumaji linavyochemshwa. Mwenye duka hata mmoja sikuzungumza naye. Kama alipita, aliona migongo ya sare za shule.

Wenye maduka huja mapema, siku za kwanza, kabla vumbi halijapanda, kwa sababu mchana wanahitajika kaunta. Usiwatafute kwa suti. Watambue kwa mikono. Mpita njia hutazama jalada. Mwenye duka hugeuza daftari nyuma kutafuta bei na jina la mtengenezaji, hulifungua katikati na kulibonyeza kwa kiganja aone kama litalala au litajifunga lenyewe. (Hujifunga ukikata karatasi vibaya. Nyuzi za karatasi zinapaswa kwenda sambamba na mgongo wa daftari. Hilo lilinichukua mwaka mzima kulielewa.) Akitoa biro mfukoni na kuandika neno moja kwenye sampuli yako, acha kila kitu. Huyo anataka kujua kama wino utasambaa, maana karatasi ya mkono isiyotiwa wanga hunywa wino kama mchanga. Hakuulizi kuhusu ziwa. Anawaza mteja atakayemrudishia bidhaa.

Kwa hiyo siku hizi tunakuwa wawili bandani. Mmoja anasimulia habari za gugumaji kwa wanafunzi, na hilo ni jambo jema. Mwingine hana kazi ila kuangalia mikono.

“Ukipata banda la langoni, umemaliza kazi”

Niliwahi kulipa zaidi nikapata la pili kutoka langoni. Watu waliingia kwa kasi, wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuanzia, na walipotoka walikuwa wamechoka, pesa zimeisha, watoto wanalia. Mwaka uliofuata tuliwekwa pembeni kabisa, karibu na mashine za kupura mahindi zinazonguruma kutwa, na oda zikawa nyingi kuliko zile za langoni.

Tofauti ilikuwa miguu yangu. Wiki tatu kabla ya maonyesho nilipita Oginga Odinga Street, mjini Kisumu, na vichochoro vyake, duka baada ya duka, nikiwa na sampuli mbili tu mkobani. Sikuomba oda. Nilisema: “Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa banda namba fulani, nimekuwekea seti ya kuangalia.” Nilichukua namba, na siku moja kabla nikatuma WhatsApp ya picha tatu pamoja na namba ya banda. Picha tatu, tafadhali. Ukimtumia mtu thelathini atafungua ya kwanza na kukuahirisha hadi kiyama. Mwenye duka aliyealikwa kwa jina atauliza njia mpaka akufikie, hata nyuma ya mashine ya mahindi.

“Bei ya chini ndiyo chambo”

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Ilikuwa Kakamega. Mama mmoja mwenye duka la vitabu alifika, akafanya yote niliyoyataja: akageuza, akabonyeza, akaandika kwa biro. Nilikuwa nimebandika bei kubwa nyekundu, 150, nikijua duka lolote mjini halina daftari la mkono kwa bei hiyo. Pembeni yake msichana wa chuo alilipa 150, akachukua moja na kuondoka.

“Mimi unaniuzia ngapi, kijana?”

“Mia moja hamsini, mama.”

“Na yule umemuuzia ngapi?”

“Mia moja hamsini.”

Alirudisha daftari mezani taratibu, akalilinganisha na mengine kama mtu anayepanga vyombo vya wenyewe. “Sasa mimi nitamuuzia nani?”

Sikuwa na jibu. Jioni, kwenye matatu, nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kulipia banda. Jalada na karatasi za ndani zilinigharimu shilingi 60, kazi ya mkono 25, uzi, gundi na usafiri 10. Jumla 95. Nikiuza 150 nabaki na 55, na nilijiona mjanja. Lakini yule mama analipa kodi ya chumba, mshahara wa msaidizi, stima, leseni ya kaunti. Bidhaa isiyomwachia nafasi ya kuongeza bei ni mzigo kwake hata kama ni nzuri, na bandani nilikuwa nimewaonyesha wateja wake kwamba daftari hili ni la 150. Akiweka 250, yule msichana wa chuo ataingia dukani na kumwita mwizi.

Mwenye duka hutafuta bidhaa inayomlipa nafasi yake kwenye rafu. Akinunua kwa 150 na kuuza kwa 250, anapata 100. Hapo mafundi wengi huchanganya: 100 hiyo ni asilimia 67 ya alichonilipa, lakini ni asilimia 40 ya bei ya kuuzia, na ni hiyo ya pili anayoitazama akifunga hesabu ya mwezi. Ukimwambia “utapata asilimia 67” atakuona ama muongo ama mgeni.

Basi sasa nina bei mbili, na ya rejareja ndiyo inayoonekana mezani: 250, sawa na ile ya dukani, bila punguzo la maonyesho. Ya jumla iko kwenye karatasi moja ninayompa mwenye duka mkononi. Dazeni ni 1,800. Oda ya kwanza ni dazeni tatu, yaani 5,400, na anaweza kuchanganya miundo. Mzigo unafika baada ya siku ngapi, nani analipa usafiri, na malipo yanaingia kwa namba gani ya till ya M-Pesa. Yote upande mmoja wa karatasi. Wateja wa rejareja hunung'unika kwamba maonyeshoni mambo huwa rahisi. Wananung'unika, wengine wananunua.

“Onyesha kila ulichonacho”

Tulipeleka Nakuru miundo arobaini na sita, imelazwa mezani kama samaki wa ufukwe wa Dunga. Mzee mmoja mwenye duka la zawadi alizunguka meza mara mbili kisha akauliza, “Yote ni mazuri. Nichukue ipi?” Nilijibu, “Yoyote, mzee.” Akacheka, akaenda kulifikiria akinywa chai.

Sasa napeleka tisa. Nayasimamisha madaftari kwenye rafu ndogo ya mbao yenye upana wa mkono mmoja, uso ukitazama mbele, kadi zikiwa kwenye waya wa kuzunguka, kama zitakavyokaa kwake. Mwenye duka akiona rafu hupima kwa macho: hii itaingia pale karibu na kaunta. Na nikiulizwa nichukue ipi, nina jibu: kadi za flamingo kwa walio karibu na Ziwa Nakuru, daftari la kijani lisilo na picha kwa maduka yaliyo karibu na vyuo, Maseno au Egerton kule Njoro, maana wanafunzi hawataki picha.

Jambo dogo kuhusu kufunga bidhaa: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 28 Agosti 2017, ile mifuko bapa myepesi ikiwamo, na bado naona mafundi wakiuliza waipate wapi. Mshipi wa karatasi kiunoni mwa daftari unatosha. Bei, jina na namba ya simu vinakaa hapo, na mnunuzi anaweza kulifungua bila kurarua kitu.

“Weka vitu vya bure”

Peremende huleta wapenda peremende. Niliwahi kugawa kalamu 200, na ninaamini zote zinaandika vizuri hadi leo, mahali fulani.

“Lengo ni supamaketi”

Nakuru ina haki ya kujivuna. Supamaketi ya Nakumatt ilipata jina kutokana na Nakuru Mattress, duka la magodoro, na ile ya Naivas ilianzia Rongai, kaunti hiyo hiyo. Kwa hiyo fundi wa upande huu akiota, huota rafu ya supamaketi, na afisa wa ununuzi akipita na beji shingoni, banda zima husimama wima.

Mpokee vizuri, lakini ujue anachouliza. Atataka baakodi ya tarakimu kumi na tatu. Zile zinazotolewa na GS1 Kenya, shirika linalogawa namba hizo nchini, huanza na 616. Wengi husema 616 ni ushahidi kwamba kitu kimetengenezwa Kenya. Sivyo, inaonyesha tu namba ilitolewa wapi. Atataka invoisi ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, na mwenye duka mdogo ana sababu hiyo hiyo ya kuitaka: tangu Januari 2024, gharama isiyo na invoisi hiyo haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa chache zilizosamehewa. Halafu atakuambia malipo ni baada ya siku 60 au 90. Hapo ndipo ndoto hugeuka hesabu. Madaftari 600 kwa gharama ya 95 ni shilingi 57,000 zangu zimelala kwa mtu miezi mitatu, na karatasi ya msimu ujao nainunua kwa pesa taslimu. Nakumatt ilipoanguka, wasambazaji wengi waliachwa wakishika invoisi, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ifungwe. Fundi wa meza moja hawezi kubeba pigo la namna hiyo.

Duka la vitabu la mtaa, kioski cha hoteli, duka la kumbukumbu karibu na makumbusho au msitu wa Kakamega: hao huchukua kidogo na hulipa wanapopokea. Wakiomba mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo walipe, nawapa dazeni moja, kwa maandishi, na siku ya kuhesabu tumekubaliana. Zaidi ya hapo hapana, hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu.

“Akiondoka bila oda, amekwenda”

Mwenye duka makini mara nyingi haagizi bandani. Anarudi kuhesabu alichonacho, kumuuliza mwenzake, kuangalia kama shule zinakaribia kufunguliwa. Duka la vitabu likiwa limejaza rafu kwa ajili ya Januari, Februari halitaki kukuona, hata ukiwa na daftari la dhahabu. Ninachohitaji bandani ni maandishi mafupi daftarini: duka lipo wapi, aligusa nini, alilalamika nini, nimpigie lini. Naandika akiwa bado anaonekana mgongo, kwa maana jioni nyuso zote huwa moja. Ndani ya siku nne napiga simu, naanza na lile alilolalamikia.

Yule mama wa Kakamega nilimfuata dukani kwake mwaka uliofuata, kabla ya maonyesho, nikiwa na karatasi ya bei.

“Na bandani mnauza ngapi?” aliuliza kabla sijaketi.

“Mia mbili hamsini, mama. Kama hapa kwako.”

Alivuta kiti. Alichukua dazeni tatu, za kijani na za rangi ya udongo, kwa sharti moja aliloliweka yeye: yatakayokaa bila kuuzwa nitayabadilisha. Nilikubali huku tumbo likiniuma. Wiki ya tatu akapiga.

“Ya kijani yameisha. Haya ya udongo yananitazama tu. Niletee ya kijani dazeni tatu, na haya uje uyachukue.”

Kesho yake nilipanda matatu na katoni ya kijani, na jioni nikarudi Kisumu na nusu katoni ya rangi ya udongo magotini.